Mama Spea na Mafuta Yaliyopotea

Duka lake lilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, na katikati ya hivyo viwili alikaa yeye, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya. Watu wa Voi walimwita Mama Spea. Nadhani alikuwa na jina la ubatizo kama sisi wengine, na pengine kanisani walilitumia, lakini kwa miaka kumi na minne niliyomfahamu sikuwahi kulisikia likitamkwa dukani. Mafundi walimwita Mama. Wenye malori walimwita Mama Spea. Mimi aliniita Dereva, hata siku nilizokuja kwa miguu kununua balbu ya tochi.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, kichwani kitambaa cha buluu siku za wiki na cheupe Jumapili. Miwani aliining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakujua kuendesha gari. Hilo niliambiwa na watu watatu kabla sijaliamini, kwa sababu mtu anayeweza kukwambia gari lako linavuja wapi, yeye amekaa kivulini na gari liko nje juani, ungedhani ameshinda chini ya magari maisha yake yote. Siku moja nilimuuliza kama ni kweli.

"Nani alikwambia daktari wa ng'ombe lazima awe ng'ombe?" akanijibu, akaendelea kupanga nati zake.

Alijifunzia wapi hayo mambo, sijui. Kuna waliosema aliwahi kuwa karani kwenye gereji ya shamba la mkonge. Wengine walisema ni mumewe aliyekuwa fundi. Yeye mwenyewe hakukubali wala hakukataa, na ukizidi kumchimba alikuuliza kama umekuja kununua ama kusalimia.

Kazi iliyompa jina ilikuwa ya kutafuta uvujaji. Magari mengi ya kwetu ni ya zamani, yamenunuliwa yakiwa yamechoka, kisha yakapelekwa kwenye barabara za mawe kupanda Mbololo, Mwanda na kule Kishushe. Barabara hizo hutikisa kila kitu kilichofungwa mpaka kifunguke. Ndiyo maana kila asubuhi kulikuwa na mtu mlangoni mwake ameshika kipande cha katoni chenye doa, amekishika kwa adabu kama aliyebeba choo cha mtoto kukipeleka hospitali. Mama Spea alikipokea, akakigeuzia mwanga, akakinusa, akagusa doa kwa kidole na kukisugua na kidole gumba. Mafuta ya injini yalikuwa meusi na mazito. Ya stelingi mara nyingi ni mekundu. Ya breki huteleza mno, kisha vidole vikabaki kama vimeoshwa kwa sabuni mbaya.

Akiwa na shaka, alikuwa na glasi ya maji kwenye rafu. Alidondosha tone ndani. Likielea, ni mafuta ya injini au ya gia. Likizama na kuyeyuka lisionekane tena, hayo ni ya breki. Glasi ile ilimponza mzee mmoja aliyeingia na kiu akaiinua mpaka mdomoni. Mama Spea alipiga ukelele uliosikika mpaka kwa muuza mitumba, na tangu siku hiyo akaichora msalaba mwekundu.

"Tone halidanganyi," alikuwa akisema, "lakini halisemi limetoka wapi."

Hilo ndilo neno alilolirudia kuliko yote, na nilichelewa kulielewa. Nililielewa siku alipokuja mkulima mmoja wa Mbololo na pikapu yake. Fundi alikuwa amemwambia giaboksi imepasuka, na kweli tone lilikuwa linaning'inia chini ya giaboksi kabisa. Mama Spea akamwambia aende akaioshe gari chini kwa sabuni mpaka chuma kionekane, aikaushe juani, kisha arudi. Aliporudi akamuuzia kopo la poda ya mtoto mchanga.

"Ya nini, Mama? Watoto wangu wako sekondari."

"Wewe paka. Paka chini kote, halafu nenda mpaka kwenye mkonge urudi."

Akaenda, akarudi. Mama Spea hakulala chini. Alikuwa na kioo kidogo cha mkono, kile cha akina dada cha kujipambia, amekifunga kwenye fimbo. Akakiingiza chini ya gari na kumwita yule mkulima atazame. Kwenye poda nyeupe kulikuwa na mstari mwekundu mwembamba. Ulianzia juu kabisa, kwenye kiungo cha mpira wa stelingi, ukateremka kwenye chesi, fremu ya chini ya gari, ukaambaa na chuma cha katikati, ukafika kwenye giaboksi na kudondokea hapo.

"Umeona? Ameumizwa huku, ameenda kulia kwa jirani," akasema. "Mafuta hufuata mteremko. Wewe ukiyafuata, panda."

Alimuuzia mpira mmoja na vibano viwili. Giaboksi haikuguswa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawakulielewa kwake. Alikuwa muuza spea aliyechukia kuuza spea. Mtu akiingia na kuagiza pampu nzima, alimtazama juu ya miwani na kusema, "Hiyo sina," na pampu iko nyuma yake kwenye rafu, imekaa na karatasi yake. Nilimshuhudia akifanya hivyo mara nyingi mpaka siku moja nikamuuliza, maana alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa mkali sana juu ya uongo.

"Mama, si pampu ndiyo hiyo?"

"Nimesema haipo? Nimesema sina. Ya kumuuzia yule, sina. Kwanza aende akatafute shida yake."

Mafundi aliwasema vibaya mbele ya wateja wao. Aliyekuja na kitambaa cheusi cha kufutia alirudishwa. "Kitambaa cheusi kitakuonyesha nini?" Alikusanya shuka nyeupe zilizochakaa kutoka kwa nyumba za wageni, akazichana, akawapa bure. Na hao hao aliowasema vibaya, saa nne asubuhi alikuwa anawamiminia uji kutoka kwenye birika kubwa, na anayekawia kuja kunywa anatumiwa mtu kumwuliza kama ni mgonjwa.

Msidhani hakukosea. Kuna mfanyabiashara wa Taveta aliyekuwa akibeba vitunguu kwa gari lake mpaka Voi, Mwislamu mmoja mpole, mwenye Kiswahili cha kupendeza. Stelingi yake ilikuwa inalia na kuvuja. Mama Spea akaonyeshwa katoni, akauliza maswali yake, akamwambia ni pampu. Mtu akabadilisha pampu, akaenda zake. Wiki mbili baadaye dereva mwingine akaleta gari la aina ile ile lenye dalili zile zile, na huyu hakuwa na haraka. Mama Spea akaliosha, akalipaka poda, na kumbe ni mpira wa kurudisha mafuta umechanika ndani ya kibano, mahali ambapo kioo hakifiki mpaka uingize kidole.

Kesho yake duka lilifungwa. Watu walishangaa, maana halikuwahi kufungwa siku ya soko. Alikuwa amepanda basi kwenda Taveta. Mimi nilisimuliwa na yule mfanyabiashara mwenyewe, baadaye sana. Alisema alimwona mama anaingia sokoni na mkoba wake, anauliza mtu wa vitunguu mwenye gari la kijani, mpaka akamfikia.

"Nimekuja kukwambia nilikosea," akamwambia, hata salamu hajamaliza. "Fungua boneti."

"Bibi, umekuja mwendo wote huu kwa ajili ya mpira?"

"Nimekuja kwa ajili ya mdomo wangu. Mpira ni huu hapa."

Kweli, mpira ulikuwa unaanza kuloa tena. Yule bwana alisema alitaka kucheka, lakini alipomwona uso akaona si wa kuchekwa. Akamwalika kwake, mkewe akampikia wali, wakashinda pamoja mpaka basi la jioni. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa Ramadhani gunia la vitunguu lilifika dukani Voi, na Mama Spea alilalamika kila mwaka kwamba vitunguu vinamwoshea macho bure.

Sasa nieleze yaliyonikuta mimi, maana ndiyo sababu ya kumwandika.

Nilikuwa dereva wa mradi mdogo wa afya. Tulikuwa na gari moja tu, fo-bai-fo ya zamani ya petroli, bodi yake imepigwa rangi mara nyingi hata milango ilifungwa kwa shida. Jumanne lilipanda Mwanda. Alhamisi lilikwenda Kishushe. Ndani tulikuwa mimi, nesi wetu tuliyemwita Sista, sanduku la chanjo na mizani ya kupimia watoto. Kishushe ni mbali na magari ni machache. Mama akikosa kliniki yetu, anambeba mtoto mgongoni nusu siku, na wengi hawambebi.

Gari likaanza kupoteza mafuta ya breki. Kila wiki nilifungua boneti nikakuta kikopo cha mafuta hayo kimepungua upana wa kidole. Nilitandika katoni chini, ikaamka kavu. Nilifungua magurudumu yote manne, makavu. Tukalipeleka gereji moja mjini, wakabadilisha mipira ya mbele na paipu moja ndefu, wakasema kwisha. Wiki iliyofuata, kidole kimoja tena. Nilipowarudia, fundi akaniambia mafuta ya breki hukauka kwa joto la Voi. Nikaamini. Ukweli ni kwamba nilitaka kuamini.

Jumanne moja tulikuwa tunateremka kutoka Mwanda. Ukungu ulikuwa umeshaondoka lakini barabara ilikuwa bado na unyevu. Nyuma tulikuwa tumembeba mama mmoja na mtoto wake wa miezi mitatu, ambaye kifua kilikuwa kinambana. Sista alitaka afike hospitali siku hiyo hiyo. Tukafika kwenye kona ile ambayo mkono wa kushoto ni ukingo wa udongo na wa kulia ni bonde, miti ya watu iko chini sana. Nikakanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka chini, kama nimekanyaga mto wa kulalia.

Nilikanyaga tena, mara tatu, nne. Hakuna kitu. Nikaingiza gia ya kwanza kwa nguvu, injini ikapiga kelele, nikavuta breki ya mkono, nikamwambia Sista, "Shikeni," nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa kushoto. Likakwaruza udongo, likapiga mtaro, likasimama limeinama. Halafu mtoto akalia.

"Huyu analia vizuri," Sista akasema. "Analia vizuri kuliko asubuhi."

Hakuna aliyeumia. Lori la mchanga lililokuwa linashuka likawachukua Sista, mama na mtoto mpaka hospitali, na mtoto yule alipona. Mimi nilibaki na gari. Nilifungua boneti. Asubuhi ile nilikuwa nimejaza kikopo kwa mkono wangu mpaka kwenye alama. Kilikuwa kitupu, na chini ya gari, kwenye majani, palikuwa pakavu.

Nilijaza kwa chupa ya akiba, nikapampu mpaka pedali ikarudi kidogo, nikateremka peke yangu kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea.

Mratibu wetu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na mtu akiogopa hutafuta mtu wa kumlaumu. Akaniita ofisini.

"Una uhakika ulijaza?"

"Nilijaza."

"Kama ulijaza yangekuwepo. Mafuta hayapotei hewani, bwana."

Akaniambia kama hadi Ijumaa sababu haijulikani, gari litapigwa mnada na kliniki ya Kishushe itasimama, kwa sababu yeye hawezi kumpandisha mtu kwenye gari lisiloeleweka. Nilimwelewa. Lakini usiku na mchana swali lake lilinirudia. Nilianza kujiuliza, je, kweli nilijaza? Au nilijaza Jumatatu, nikadhani ni Jumanne? Nilimwona yule mtoto kila nikifumba macho.

Alhamisi, siku ambayo tungekuwa Kishushe, nilikwenda na gari kwa Mama Spea, polepole, kwa gia ya kwanza. Nilimwambia nataka paipu zote za breki, kutoka mbele mpaka nyuma.

"Sina," akasema.

"Mama, tafadhali. Leo si siku ya hayo."

Akanitazama. Akavuta kigoda. "Kaa. Nieleze. Usinieleze fundi amesema nini, nieleze gari limefanya nini."

Nikamweleza yote. Alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, hakunikatiza. Kisha akaanza.

"Chini pakavu?"

"Pakavu."

"Magurudumu, ndani?"

"Makavu. Nimefungua mwenyewe."

"Pale unapoweka mguu, zulia la pedali?"

"Kavu."

"Na moshi?"

"Moshi gani?"

"Wa nyuma. Wa ekzosi."

Nikataka kusema hakuna. Halafu nikakumbuka. Asubuhi nikiwasha, na tukisimama baada ya mteremko mrefu huku injini inanguruma, palitoka moshi mweupe. Nilikuwa nikidhani ni baridi ya Mwanda. Sista alikuwa akilalamika unanukia kitu kitamu kinachochoma koo. Nilipolisema hilo, Mama Spea alisimama. Alikuwa hasimami ovyo.

"Fungua boneti. Usiwashe."

Akatoka na glasi, waya na kipande cha shuka. Kwenye gari, nyuma ya kikopo cha mafuta ya breki, kuna kile chungu cheusi cha duara kinachosaidia mguu kukanyaga. Mafundi wanakiita busta. Injini ndiyo hukivuta hewa. Mbele yake imefungwa masta silinda, ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu. Mama Spea alivaa miwani, akainama pale vinapokutana, akakwaruza kwa ukucha. Rangi ya busta ikatoka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa.

"Rangi imeliwa. Unajua nani anakula rangi?"

"Mafuta ya breki."

"Chomoa mpira ule wa hewa. Funga kitambaa kwenye waya, ingiza ndani mpaka chini."

Nikaingiza. Kilipotoka, kitambaa kilikuwa kimelowa nusu, kinachuruzika. Akakigusa, akasugua vidole, akanusa. Akakikamua juu ya glasi. Matone yalizama kwenye maji, yakayeyuka.

"Mafuta yako hayajapotea, Dereva," akasema. "Injini imeyanywa."

Akanieleza, akionyesha kwa kidole. Ule mpira wa mwisho ndani ya masta silinda umekwisha. Ukikanyaga, mafuta mengine yanakwenda kwenye magurudumu, mengine yanarudi nyuma kwenye busta. Busta inavutwa na injini, na injini inayavuta mafuta pia, inayachoma, inayatoa nyuma kuwa moshi. Ndiyo maana chini hakuna tone. Na siku ile kwenye mteremko mrefu wa Mwanda, nikikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, mpira ulichanika kabisa na kikopo kizima kikaondoka.

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu. Nililia kama mtu aliyeambiwa ndugu yake amepatikana hai. Nilikuwa nimejaza. Ile Jumanne asubuhi, nilikuwa nimejaza.

"Usilie hapa," Mama Spea akasema. "Wateja watadhani nimepandisha bei."

Lakini hakuniondoa. Alirudi kwenye kiti chake, akachana karatasi kwenye daftari, akaandika polepole kwa herufi kubwa, kama watu waliosoma zamani. Alinipa nimpelekee mratibu. Alieleza kilichoharibika na jinsi ya kukihakikisha, ili yeyote mwenye shaka aje aingize waya mwenyewe. Mwisho kabisa aliandika: "Dereva alijaza. Nimeyaona mafuta yalikokwenda."

Mratibu aliisoma mara mbili. Kisha akainuka, akazunguka meza, akanipa mkono. Hakusema samahani, lakini alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

Masta silinda mpya ilifungwa Ijumaa, na busta nyingine, maana ile ya kwanza ilikuwa imeshaoza ndani. Mama Spea aliagiza gari lifanyiwe kazi mbele ya duka lake. Wakati wa kutoa hewa kwenye breki, fundi alikuwa chini kwenye gurudumu, mimi kwenye pedali, na yeye kitini anatoa amri: "Kanyaga. Shikilia. Shikilia, nimesema! Haya, achia." Watu waliokuwa wanapita walisimama kutazama. Kisha akachora mstari wa kalamu kwenye kikopo na kuniambia nisimletee habari mpaka wiki iishe.

Wiki iliisha na mafuta yako kwenye mstari. Alhamisi ya wiki hiyo tulikwenda Kishushe. Kwenye kila mteremko nilikanyaga breki mapema, si kwa sababu palihitajika, ila kwa kutaka tu kuisikia ikishika chini ya mguu wangu, ngumu, imara. Sista akaniuliza mbona nasimama simama. Nikamwambia nafurahi. Tulipofika, akina mama walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, wengi kuliko kawaida, kwa sababu wiki iliyopita hatukuja. Mmoja akapiga makofi. Wengine wakafuata.

Niliporudi kumshukuru Mama Spea alinifukuza. Shukrani zilimkera. Ukimwambia asante mara moja aliitikia; mara ya pili alikuuliza kama huna kazi. Nilimpelekea mkungu mzima wa ndizi kutoka Mwanda. Alizipokea, akawagawia mafundi zote mbele yangu, akabakiza moja, akaila.

Miaka ikapita. Duka alimwachia mpwa wake, mama mmoja hodari ambaye angalau anakubali kuuza. Yeye akarudi Mbololo kulima mbaazi na kupigana na nyani. Nilikuwa nikimwona mara chache, sokoni ama mazishini, tunasalimiana, ananiuliza gari, namwambia gari liko.

Halafu mwaka huu, kabla ya mvua, simu yangu ililia. Hakuwa amewahi kunipigia.

"Dereva. Alhamisi una nafasi?"

"Nitaipata, Mama."

"Nipeleke hospitali Voi. Na usimwambie mtu. Hasa wa kanisa."

Niliazima gari dogo la shemeji yangu, nikamfuata asubuhi. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe ingawa haikuwa Jumapili. Alikuwa amepungua. Njiani aliniambia kwa maneno machache: kuna uvimbe shingoni, walimchoma sindano wakachukua maji yake wakayapeleka kupimwa, leo majibu. Niliongea habari za nyani.

Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa karibu saa mbili. Alishika mkoba mapajani kwa mikono yote miwili. Kila mlango ulipofunguka aliuangalia, na jina lilipokuwa la mtu mwingine alipumua. Mara moja aliniambia, bila kunitazama, "Kama ni mbaya, mpwa wangu umwambie wewe. Mimi sitaweza." Nikamwambia sawa, Mama.

Walipomwita aliniomba niingie naye. Daktari alikuwa msichana, umri wa wajukuu zake. Alifungua faili, akatabasamu kabla hajasema, na mimi nikashika ukingo wa meza.

"Mama, majibu ni mazuri. Si saratani. Ni tezi imevimba tu. Tutakupa dawa, tutaendelea kuiangalia."

Mama Spea hakusogea. "Sema tena."

"Si saratani, Mama."

"Umejuaje?"

Yule daktari hakukasirika. Akavuta kiti karibu, akachukua karatasi, akamchorea shingo, akamwonyesha sindano iliingia wapi, walichokiona kwenye darubini na ambacho wangekiona kama ingekuwa ni ule ugonjwa. Mama Spea alifuata kalamu kwa macho, kwa umakini wote. Aliuliza maswali matatu, akajibiwa yote matatu. Kisha akaikunja ile karatasi yenye mchoro, akaiweka ndani ya mkoba, akamshika daktari shavu.

"Mwanangu," akamwambia, "unajua kazi yako."

Nje jua lilikuwa kali. Nilimfungulia mlango, akaketi, nikamfunga mkanda. Tukaondoka. Hatujafika hata mwisho wa mji nikasikia pumzi yake imebadilika. Nikamtazama. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kitambaa kimeteleza mpaka sikioni.

Nilipunguza mwendo. Tulifika njia panda ya kwake, pale natakiwa kukata kona na barabara inaanza mawe. Nilijua mawe yale yatamwamsha. Nikapita. Nikaendelea mbele na lami, polepole, malori yakinipita na kunipigia honi, mpaka nikafika mbali kiasi kwamba milima ya Mbololo ilikuwa imebaki nyuma yetu. Hapo akafumbua macho.

Akatazama nje upande huu na upande ule. "Hapa si kwangu."

"Si kwako, Mama. Tumepita."

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala."

Akakirudisha kitambaa mahali pake, taratibu, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Wiki tatu sijalala, Dereva," akasema. "Wiki tatu nzima."

Nikatafuta mahali pa kugeuza.

"Usigeuze sasa," akasema, na macho yalikuwa yameshaanza kufumba. "Nenda mbele kidogo."